Laptopu iliyopasuka kioo, kijiti cha Fire TV na Jellyfin: uzoefu wangu wa miezi nane

Laptopu yangu ya zamani ilipasuka kioo nikaiweka tu juu ya kabati, core i3 jenereshen ya tatu, ramu GB 8, na pembeni yake hadidiski ya tera 2 imejaa vitu vya nyumbani: harusi ya dada, DVD za taarab za mama nilizozihamisha moja moja, katuni za watoto. Kila mtu akitaka kuangalia kitu lazima aniite nimwekee kwenye flashi, na flashi nyingi tunazonunua zinakuja na FAT32, faili likizidi GB 4 halipandi, unaanza kukata harusi vipande vipande. Nikasema hapana, ngoja nitafute njia.

Njia ya kwanza ilikuwa makosa, nasema wazi ili mwenzangu usiingie humo. Nilinunua kiboksi cha Android cha bei chee, hakina jina la maana, kikaja na apu kibao ambazo sijaweka mimi na hazitoki, na bando likawa linaisha tumelala. Nikaingia kwenye rauta usiku nikakuta ni kiboksi ndicho kinavuta data na TV yenyewe imezimwa. Nilikichomoa siku ileile. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0, yaani vifaa vya namna hii, vijiboksi vya TV vikiwemo, vinafika kwako tayari vina virusi, au vinaingia pale unapoambiwa udanlodi apu fulani ndio kianze kufanya kazi. Kwa hiyo ukikuta kiboksi kinakuambia zima Play Protect (ule ulinzi wa Google unaokagua apu zenye virusi) kwanza, kiache hapohapo dukani.

Binamu yangu akitoka Muscat akaniletea Fire TV Stick 4K, kijiti cha Amazon unachochomeka kwenye TV, ile ya 2018. Fire TV ni Android lakini haina Play Store, ina duka la Amazon tu, na mimi nilikuwa nataka Kodi, apu ya bure ya kuchezea video zako mwenyewe, ambayo Amazon waliitoa kwenye duka lao tangu 2015. Hapo ndipo unalazimika kuweka apu kwa mkono. Unaenda kwenye settings, unafungua ile sehemu ya About, unabonyeza jina la kijiti mara saba mpaka kikuambie umekuwa developa, halafu unadanlodi apu inaitwa Downloader kutoka duka la hapohapo, unairuhusu iweke apu za nje, yenyewe peke yake sio kila apu, kisha unaandika anwani ya kodi.tv kwa rimoti, herufi moja moja, inachosha lakini unafika.

Mara ya kwanza ikagoma. Inadanlodi mpaka mwisho, inafungua, halafu inasema apu haijawekwa, basi, haisemi kwa nini. Nikarudia mara tatu nikidhani ni mtandao. Kumbe nilichukua APK (faili la kuwekea apu kwenye Android) ya biti 64 na kijiti hiki kinatumia ya biti 32, pale kwenye ukurasa wa Kodi imeandikwa ARMV7A. Nikachukua hiyo, dakika mbili imeingia. Jingine, futa faili la APK ukimaliza, Downloader yenyewe inakuuliza, maana kijiti kina GB 8 tu na sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo wake.

Kodi ni nzuri kweli, inasoma hadidiski kupitia mtandao wa nyumbani bila kelele, inacheza karibu kila kitu. Tatizo lake kwetu ni kwamba kila kifaa kina kumbukumbu yake, watoto wakiachia katuni katikati sebuleni, chumbani inaanza upya. Ndio nikahamia Jellyfin, programu inayoifanya laptopu iwe seva, yaani inatuma video kwa TV na simu zote za nyumbani na kukumbuka kila mtu alipoishia. Hii ilizaliwa mwishoni mwa 2018 pale Emby, programu nyingine ya namna hiyo, walipofunga msimbo wao, watu wakachukua ule uliokuwa wazi wakauendeleza, na mpaka leo ni bure kabisa. Plex, mshindani wake, niliifikiria, ina muonekano mzuri kuliko zote, lakini Aprili 2025 walipandisha leseni ya maisha kutoka dola 119.99 hadi 249.99 na kuangalia seva yako mwenyewe ukiwa mbali na nyumbani kukawa kwa kulipia, halafu inataka akaunti ya kwao mtandaoni. Jellyfin akaunti zinakaa kwenye laptopu yangu mwenyewe, bando likiisha sisi tunaendelea kuangalia, na hilo kwangu ndilo lililoamua.

Nikaweka Debian (mfumo wa Linux wa bure) kwenye laptopu, nikaenda kwenye faili lake la mipangilio, logind.conf, nikaandika HandleLidSwitch=ignore ili laptopu isilale nikifunga mfuniko, nikairudisha juu ya kabati. Mafaili nayo uyape majina ya kueleweka, katuni iwe na folda yake, ndani yake Season 01, ndani yake S01E01, ukiacha ovyo itakuwekea mapicha ya ajabu. Siku ya tatu umeme ukakatika, uliporudi TV zote hazioni seva. Mama kakaa kwenye kochi na rimoti, ananiambia mwanangu vitu vyako vimekufa. Kumbe rauta ilipowaka iliipa laptopu anwani nyingine, zamani ilikuwa 192.168.1.20 sasa ikawa .23. Nikaingia kwenye rauta nikaifungia anwani yake isibadilike, port (namba ya mlango wa Jellyfin inayofuata anwani) ni 8096, tangu hapo haijasumbua tena.

Kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema ni hiki: seva haichoki kutuma faili, inachoka kuligeuza. Kijiti cha 4K kinacheza HEVC, aina mpya ya kubana video, chenyewe, laptopu inasukuma tu, prosesa asilimia 5. Lakini ukifungua faili hilohilo kwenye TV ya zamani ya chumbani isiyojua HEVC, laptopu lazima iligeuze papo hapo, na chip ya jenereshen ya tatu haina msaada wa HEVC ndani yake, feni inalia kama pangaboi na picha inakata. Sabutaito nazo ni hivyohivyo, zile za SRT ni maandishi tu hazina shida, zile za picha zinazotoka kwenye Blu-ray seva inaweza kulazimika kuzichoma juu ya video. Nimegeuza mafaili yangu mengi kuwa H.264, aina ya zamani inayosomwa karibu kila mahali, usiku kidogo kidogo, kazi ya wiki tatu, na sasa yanacheza kila chumba. Ukiwa unatafuta laptopu ya kununua kwa kazi hii, chukua Intel kuanzia jenereshen ya saba.

Betri ya laptopu inanisaidia sana umeme ukikatika, rauta nimeiwekea UPS ndogo, TV inazima lakini watoto wanamalizia kwenye simu palepale walipoishia. Mama kajua mwenyewe kuingia, anafungua harusi ya dada, anasogeza mpaka pale baba anaposimama kutoa nasaha, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anarudisha nyuma.

Ukienda kununua kijiti sasa hivi soma boksi vizuri. Fire TV Stick 4K Select iliyotoka mwishoni mwa 2025 inatumia Vega OS, mfumo wa Amazon wenyewe, sio Android tena, APK haiingii kabisa, chochote unachotaka lazima kiwe kwenye duka la Amazon. Kama lengo lako ni Kodi, hiyo iache, tafuta chenye Android TV au Google TV halisi, humo Jellyfin, Kodi na VLC zote zipo Play Store na huna haja ya kuhangaika na Downloader.