Nimevua barramundi mwaka mzima kwa fimbo moja, vifaa hivi ndivyo vilivyobaki mezani

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Niko nyumbani Darwin, kaskazini mwa Australia, na hapa mezani nimetandaza vifaa nilivyovulia barramundi kuanzia masika yaliyopita hadi leo. Wengi mmeniuliza mnunue nini. Nitawajibu, ila kwanza tumjue samaki mwenyewe.

Huyu na sangara wetu wa Ziwa Victoria ni ukoo mmoja. Sisi tuliokulia Mwanza tukimwona tu tunamjua: mgongo umeinuka, mdomo mpana, jicho linawaka ukilimulika. Tofauti ni kwamba huyu anataga kwenye maji chumvi, halafu wadogo wengi wanapanda mitoni kukua. Tena wengi huanza maisha wakiwa madume, na wakifika sentimita 80 na kitu hivi wanageuka majike. Kwa hiyo ukimpata mkubwa sana, jua umeshika mama.

Fimbo yangu ni ya futi 6, ngumu kiasi, na rili, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi, ni ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo. Nimeipenda kwa sababu kidole gumba kinaizuia ngoma palepale, chambo kinadondoka mlangoni kwa mikoko bila kunasa. Mshipi ni wa kusokotwa, unaohimili mvuto wa kilo 14 hivi. Mbele yake nafunga nailoni nene ya kilo 27, urefu wa mkono mmoja. Msiiache hiyo nailoni! Sogeeni muone hapa: haya mikwaruzo yote ni ya samaki mmoja. Kifuniko cha shavu lake kina makali kama wembe, na mshipi mwembamba unakatwa mara moja.

Sasa misimu. Kwangu mimi mfalme ni mwezi wa 3 na wa 4, mvua zikianza kupungua na mbuga zilizofurika zikimwaga maji mitoni. Pale kijito cha maji meusi safi kinapokutana na mto wa tope, unaona kabisa mstari kati ya rangi mbili. Samaki wadogo wanashuka na maji, barramundi anawangoja kwenye ule mstari. Hapo natumia chambo bandia kigumu, Halco Scorpion cha milimita 125. Navuta mara mbili kwa nguvu, nakiacha kitulie. Anapiga kikiwa kimetulia, karibu kila mara. Kwa kazi hii nakipa tisa kwa kumi.

Mwezi wa 6 na wa 7 ni kiangazi, usiku una baridi, maji yanapoa na samaki anakuwa mzito. Mwaka jana nilikosea: niliendelea na kasi ileile, siku tatu nikarudi mikono mitupu. Kilichoniokoa ni chambo laini cha mpira chenye mkia wa kutikisika, nikikipitisha polepole kando ya mayungiyungi, kwenye mabwawa yanayobaki mto ukikatika. Polepole kuliko unavyodhani. Ubaya wake, mpira unararuka. Samaki watatu, wanne, kimekwisha.

Mwezi wa 10 na 11 joto linapanda, mawingu yanajikusanya bila kunyesha, na wakubwa wako kuelekea midomo ya mito. Darwin maji yanapanda na kushuka hadi mita 7 na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, mkondo unakuwa mkali na maji yote tope. Mimi nachagua maji mafu, zile siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Jioni natupa chambo cha kuelea, na ule mshindo wake akikipiga juu ya maji, jamani, unausikia kifuani.

Kitu kimoja kimeniuma. Tazameni hii ndoano ya ncha tatu, ilikuja na chambo cha bei rahisi nilichonunua. Imenyooka kama msumari. Samaki alivuta mara moja tu, akaenda zake. Tangu siku hiyo nikinunua chambo cha bei hiyo nazing'oa ndoano zake na kuweka nzito kabla hakijagusa maji.

Kwa huku Northern Territory, eneo ilipo Darwin, chini ya sentimita 55 anarudishwa majini. Na mamba wa maji chumvi wako kila mto, Mary River ndiyo usiseme. Kama unavua ukiwa nchi kavu, kaa mita 5 kutoka ukingoni, na usiingie majini kufuata chambo kilichonasa. Kikate.

Ndoano nzito nilizoweka ndizo zilizompata huyu mnayemwona hapa nyuma kwenye picha, sentimita 92. Nilimwacha ndani ya wavu, majini, nikamchomoa ndoano kwa koleo. Akatulia kidogo, mashavu yakifunguka na kufunga, kisha akapiga mkia akazama. Video ijayo nawaonyesha hatua kwa hatua ninavyobadilisha hizo ndoano.