TAHADHARI: Anauza bodi "mpya" za ndege za zamani za faibaglasi. Msitume arbuni!

Wadau, kuna mtu anawafuata wenye ndege za faibaglasi za kujiundia, zile za miaka ya 1970 na 1980, akiwauzia bodi (kiwiliwili cha ndege) "iliyoboreshwa": pana zaidi, nyepesi zaidi, imara zaidi. Mimi ameshanipiga. Naandika ili asimpige mwingine, na nitasema tu nililoliona na kulishika.

Mwenye ndege hizi anajua kwa nini tunanasa kirahisi. Tangu VariEze, mojawapo ya ndege hizi, iruke mara ya kwanza mwaka 1975, zikaja Long-EZ, Quickie, Glasair na wenzake, na leo viwanda vingi vilivyouza seti hizo vimeshafungwa. Yangu ni ya viti viwili, na abiria akiwa mnene kidogo tunagongana mabega safari nzima. Rangi ilianza kupasuka kama utando wa buibui pale bawa linapoingia kwenye bodi. Basi akitokea mtu anasema amepata kalibu (maumbo ya kutandikia faibaglasi) za zamani na amezipanua sentimita kumi, unamwona kama ameshushwa.

Picha zake zilikuwa safi mno. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, kwa sababu kila picha ilionyesha bodi iliyokwishapigwa praima (rangi ya kwanza, inayoficha kilicho chini), hakuna hata moja ya faibaglasi tupu. Moja ilikuwa ya rangi nyekundu iliyokolea. Anayezijua ndege hizi anajua kwa nini karibu zote ni nyeupe: rangi iliyokolea inanyonya jua, joto linapanda, na epoksi (resini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za kioo) iliyokauka bila kupikwa kwenye tanuri huanza kulegea. Nilipomuuliza mpangilio wa safu, yaani kitambaa gani, safu ngapi na zimeelekea wapi, akajibu kwamba hiyo ni siri ya kiwanda. Siri gani, wakati ndiyo inayobeba shingo yangu? Lakini akaniambia kuna mteja mwingine anaisubiri, nami nikatuma nusu ya bei. Ujinga wangu huo sina pa kuuficha. Mzigo ulipofika bandarini nikamalizia iliyobaki.

Cha kwanza kilikuwa harufu. Nilipofungua kasha ikanipiga harufu kali ya stairini, kemikali iliyomo kwenye resini za aina nyingine, wakati mkataba ulisema epoksi, na epoksi haina stairini. Tuwe waangalifu hapa: harufu peke yake haimtii mtu hatiani, maana vinilesta, resini nyingine, nayo ina stairini na kuna ndege nzuri kabisa zilizojengwa kwayo. Ila kama umeuziwa epoksi, pua yako isinuse kitu hicho. Na kama ndege yako ina povu gumu la polistairini ndani, resini yenye stairini ikiligusa kabla haijakauka, inaliyeyusha.

Kisha nikaipima. Aliniahidi kilo 41, mizani ikasoma 58. Mbaya zaidi, sehemu kubwa ya ziada iko mkiani. Kilo 5 zilizoko mita 3 nyuma ya kitovu cha uzito zinadai kilo 10 mita moja na nusu mbele yake ili ndege isawazike. Hapo umeongeza kilo 15 na hujapata chochote.

Nikachukua sarafu nikaanza kugongagonga. Sehemu nzima inalia kwa mlio mkali, kama unagonga kigae. Nilipofika nyuma ya kiti mlio ukawa butu, tup, tup, eneo la ukubwa wa sahani. Nikapiga msasa pale. Praima ikaisha, ikaja pati ya kuzibia mashimo, nikaendelea, bado pati, hadi karibu milimita 4. Chini yake kulikuwa na shimo la hewa linaloingia kidole gumba.

Lililonimaliza ni kipande nilichokata pale dirisha litakapokaa, sehemu ambayo ingetupwa hata hivyo. Nilikipima, nikakichoma nje, upepo ukiwa mgongoni na barakoa usoni, hadi resini yote ikaungua. Kitambaa kilichofumwa kinabaki na mfumo wake. Unazihesabu safu moja moja kama kurasa. Mimi nilipata safu moja tu ya kitambaa, ile ya nje inayoonekana. Zilizobaki zilikuwa mkeka wa nyuzi fupi, ule wa mafundi wa boti, ukasambaratika mkononi kama manyoya ya kuku. Uzito wa nyuzi zilizobaki ulikuwa theluthi moja hivi ya kipande kizima. Kazi nzuri ya mkono kwa kitambaa hutoa zaidi ya nusu. Kwa boti ya kuvulia sina neno, ila hiyo bodi ilikuwa ibebe mabawa.

Nilipomtumia picha, akanishauri nitandike safu mbili za kitambaa cha kaboni juu, "itakuwa chuma". Msimsikilize. Kaboni ni kaidi kupinda mara tatu hivi kuliko nyuzi za kioo, kwa hiyo inabeba mzigo karibu wote kabla ya safu zilizo chini yake, nayo imeshikiliwa na pati na mkeka. Baada ya hapo akanizuia nisimpate tena.

Anabadilisha jina, kwa hiyo mtambueni kwa maneno yake: "kalibu asilia", "resini ya ndege" bila kutaja aina, na bodi ambayo daima imeshapigwa praima. Mwambieni awatumie kwanza kipande cha sentimita 20 kwa 20, kisichopakwa chochote, kilichotandikwa siku moja na bodi yenyewe, pamoja na mpangilio wa safu kwa maandishi. Mimi nilipomwomba hicho akanijibu kwa emoji ya kucheka.

Aliyekwisha tuma arbuni na hajapokea mzigo, simamisha malipo yaliyobaki leo hii na utunze mazungumzo yote. Aliyekwisha pokea, usiunganishe bawa lolote. Anza na sarafu, nyuma ya kiti.