Kongamano la utafiti wa mwanga na picha: usiukose ukumbi wa mabango

Nimetoka kwenye kongamano la wanasayansi wa mwanga na upigaji picha, siku nne, na kama unajiuliza uende usiende mi nakwambia nenda, ila usishinde kutwa kwenye kumbi za mada. Kule mtu anapewa dakika kumi na mbili, anakimbiza slaidi thelathini, milinganyo inapita hujaimaliza hata kuisoma, halafu kumbi tatu zinaenda kwa mpigo kwahiyo ukiingia moja mbili zimekupita. Waandaaji hapo wajirekebishe kwa kweli.

Sasa kwenye mabango, yaani ule ukumbi ambapo watafiti wanabandika kazi zao ukutani na kukueleza ana kwa ana, ndo kuna raha. Dada mmoja mwanafunzi alikuwa na kileza (kitochi cha leza) cha kijani, mwanga wake ameutawanya kwa lenzi mpaka ukawa duara kubwa kwenye karatasi, akaniambia vua miwani, tikisa kichwa kulia kushoto polepole. Lile duara ukiliangalia vizuri limejaa vipunje vinavyometameta, maana karatasi ina mikwaruzo midogo midogo na mawimbi ya mwanga yakirudi kutoka pale yanakutana, mengine yanaongezana mengine yanafutana. Basi mi nikitikisa kichwa kulia vipunje vinakimbilia kushoto! Akasema wewe huoni mbali, angekuwa asiyeona karibu vingemfuata. Na ni kweli, miwani yangu ni ya kuonea mbali, na hakuigusa wala kuiangalia.

Bango la jirani lilikuwa la hadubini. Tangu 1873 mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alishaonyesha kwamba hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko kama nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 200 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), na wanasayansi Betzig, Hell na Moerner walipata Nobel ya kemia 2014 kwa kuuvuka huo mpaka. Hiyo nilishaisoma mara kibao ila njia yenyewe nimeielewa pale nimesimama: moja ya mbinu zao ni kuwasha molekuli chache tu kwa wakati, kila moja inaonekana kama kidoa cha mwanga, unatafuta katikati ya kila kidoa, zinazima, unawasha nyingine, mara maelfu, kisha unavipanga vidoa vyote kuwa picha moja. Jamaa alinichorea kwa peni nyuma ya ratiba yangu, ile ratiba nimeitunza.

Maonyesho ya vifaa yapo pia, mazuri, pitia ukipata nafasi.

Nyota nne. Ya tano wakiupa ukumbi wa mabango siku nzima, maana masaa mawili ya jioni watu washachoka hayatoshi kabisa, mi nimefikia mabango tisa tu taa zikaanza kuzimwa.