Kuomba kumbukumbu za talaka mahakamani: huduma inafaa wapi, inakwama wapi

Kwa shauri la miaka ya karibuni ambalo namba yake inajulikana, huduma ya masjala ya mahakama ni nzuri: unapeleka maombi, unalipa ada, unapewa nakala yenye muhuri. Kwa shauri la zamani lisilo na namba, huduma hiyohiyo inachosha, na sababu kubwa ni jinsi majalada yalivyopangwa tangu siku yalipofunguliwa. Tovuti za watu binafsi zinazouza "kumbukumbu za talaka" hatuzipendekezi kwa lolote linalohitaji karatasi halali.

Watu wengi hukwama kwa sababu wanaomba "cheti cha talaka" bila kujua kwamba jina hilo hubeba karatasi tatu tofauti. Ya kwanza ni cheti au barua ya uthibitisho, ukurasa mmoja unaotaja majina ya wanandoa, mahali na tarehe ndoa ilipovunjwa. Ya pili ni amri ya talaka au hukumu yenyewe, iliyosainiwa na hakimu au jaji, na humo ndimo mlimo maagizo ya mgawanyo wa mali, malezi ya watoto na matunzo. Ya tatu ni jalada zima: maombi, majibu, viapo, vielelezo, mwenendo wa shauri. Anayetaka kufunga ndoa nyingine mara nyingi anatosheka na ya kwanza. Anayehamisha hati ya nyumba au anayedai sehemu ya pensheni anahitaji ya pili, na kama mali iligawanywa kwa makubaliano, aombe pia hati ya makubaliano iliyoidhinishwa na mahakama, kwa kuwa wakati mwingine amri inaitaja tu bila kuinakili ndani yake. Anayerudisha jina la kabla ya ndoa kwenye pasipoti aulize kwanza ofisi ya pasipoti kama amri lazima itaje jina hilo. Jalada zima lina kazi kwa wakili anayefungua maombi mapya. Kwa wengine ni ada ya kurasa nyingi zisizotumika.

Kuna mtego ndani ya karatasi ya pili. Nchi kadhaa hutoa talaka kwa hatua mbili, amri ya muda kisha amri ya mwisho, na ya muda haivunji ndoa. Uingereza na Wales zilibadilisha majina ya amri hizo kuanzia tarehe 6 Aprili 2022, kwa hiyo karatasi ya kabla ya hapo na ya baada ya hapo hazisomeki sawa ingawa kazi yake ni moja. Australia hutoa amri moja, lakini kwa kawaida inakuwa ya mwisho baada ya mwezi mmoja na siku moja. Kwenye maombi yako andika wazi kwamba unataka amri ya mwisho, au nakala inayoonyesha tarehe talaka ilipoanza kuwa na nguvu. Amri ya kutengana nayo si talaka, hata kama watu hao hawajaishi pamoja kwa miaka ishirini.

Sasa mahakama ipi? Jalada liko pale talaka ilipotolewa. Mahali ndoa ilipofungwa hapahusiki, wala mahali mtalaka anapoishi leo. Nchini Marekani, kwa mfano, talaka ni suala la majimbo, na jalada hukaa kwa karani wa mahakama ya kaunti. Serikali kuu haina daftari la talaka za nchi nzima, na mfumo wa mtandaoni wa mahakama za shirikisho, PACER, hautakupa talaka yako hata ukitafuta siku nzima. Tanzania Bara nako kuna jambo la kuangalia: Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu shauri la ndoa kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au Mahakama Kuu, kwa hiyo kujua mji hakutoshi, ni lazima kujua ngazi. Ikiwa kulikuwa na rufaa, jalada la awali huenda liliitwa mahakama ya juu. Ukiambiwa "halipo", swali la kuuliza hapohapo ni kama daftari linaonyesha lilipelekwa wapi na tarehe gani.

Talaka iliyotamkwa kidini pekee, bila shauri kufunguliwa, haina jalada la kutafuta katika mahakama ya kawaida. Mahali penye mahakama za kadhi zinazotambuliwa na sheria, kama Kenya na Zanzibar, masjala yake ndiyo ya kuanzia.

Utafutaji wenyewe ndipo huduma inapopwaya. Masjala hutafuta kwa namba ya shauri au kwa jina, na madaftari mengi ya zamani yamepangwa kwa jina la aliyefungua shauri tu. Ukitoa jina la mjibu maombi peke yake, karani atatafuta kwa uaminifu na kukuambia hakuna kitu. Toa majina yote mawili, na kila moja kwa tahajia zake: Mohamed, Muhammad na Mohammed ni watu watatu mbele ya daftari. Weka jina la mke la kabla ya ndoa na la ndani ya ndoa, na kwa wenye majina matatu, taja kwamba mpangilio unaweza kuwa umegeuzwa.

Kosa jingine ni la mwaka. Namba ya shauri hubeba mwaka wa kufunguliwa, hata kama hukumu ilitoka baadaye. Shauri Na. 45 la 2015 linaweza kuhukumiwa mwaka 2017, na anayekumbuka mwaka wa talaka atapekua daftari la 2017 bure. Anza miaka miwili au mitatu nyuma ya tarehe unayoikumbuka. Ada ya utafutaji hutozwa kwa kipindi katika baadhi ya mahakama. Uingereza na Wales, ombi la kutafuta amri ya mwisho hukokotolewa kwa kila miaka kumi, kwa hiyo kubahatisha mwaka kunaongeza gharama moja kwa moja.

Kabla ya kulipia utafutaji, tafuta namba nyumbani. Huwa imeandikwa juu ya hati ya wito, kwenye stakabadhi ya ada ya kufungulia shauri, kwenye barua za wakili, kwenye maombi ya baadaye ya matunzo ya mtoto, au kwenye hukumu ya rufaa. Wakili aliyesimamia shauri aulizwe mapema, maana ofisi za mawakili huteketeza majalada yaliyofungwa baada ya muda.

Barua ya maombi iwe fupi na kamili. Iandikwe kwa msajili au karani mfawidhi, itaje majina ya wadaawa, yaani pande mbili za shauri, kama yalivyo kwenye shauri, namba na mwaka, jina la hati unayotaka, idadi ya nakala, neno "zilizothibitishwa", uhusiano wako na shauri, na anwani ya kukupata. Ambatisha nakala ya kitambulisho. Jina lako likiwa limebadilika tangu talaka, ambatisha kinachounganisha majina hayo mawili, la sivyo karani hana namna ya kujua kwamba wewe ndiye mdaawa. Kama unamtuma mtu, mpe idhini ya maandishi iliyoshuhudiwa na kamishna wa viapo au mthibitishaji. Barua ya kawaida hurudishwa mara nyingi, na ni haki irudishwe, kwa kuwa ndani ya majalada haya mna siri za watoto na mali za watu.

Suala la nani anaruhusiwa kuona nini linatofautiana mno. Kuna mahakama ambako mtu yeyote anaweza kusoma amri, isipokuwa sehemu zilizofunikwa. Jimbo la New York ni kinyume kabisa: majalada ya ndoa hufungwa kwa miaka 100, na wanaoyaona ni wahusika na mawakili wao, au mwenye amri ya mahakama. Mtoto mzima anayetaka hukumu ya wazazi wake kwa ajili ya mirathi asidhani kuwa ukoo unatosha. Aulize kwanza kama anahitaji kuwasilisha maombi mbele ya jaji.

Omba nakala mbili au tatu zilizothibitishwa kwa mkupuo, maana baadhi ya ofisi hubaki na nakala halisi. Usiombe kumi kwa ajili ya miaka ijayo, kwani wapokeaji wengine hudai uthibitisho wa miezi ya karibuni. Kwa kuwa ada huhesabiwa kwa ukurasa pamoja na ada ya kuthibitisha, uliza idadi ya kurasa kabla ya kulipa, na dai stakabadhi.

Ukikabidhiwa, usiondoke dirishani kabla ya kukagua. Hesabu kurasa. Angalia muhuri, saini na tarehe ya uthibitisho, kama namba ya shauri inasomeka, na kama majina yanalingana herufi kwa herufi na kitambulisho chako. Kisha usichomoe pini ya stepla, hata kwa kutaka kutoa fotokopi. Nakala iliyofunguliwa inazua shaka kwamba ukurasa umebadilishwa, na zipo ofisi zinazoikataa papo hapo. Ukiona kosa la jina kwenye amri yenyewe, karani hawezi kulifuta kwa kalamu. Linahitaji maombi mafupi kwa mahakama ya kurekebisha makosa ya kiuandishi. Lakini kama kosa ni la mashine ya kunakili, mfano mstari wa chini umekatwa, hilo linatatuliwa hapohapo.

Njia ya mtandao tunaipa sifa zake pale ilipojengwa vizuri. Australia inatoa amri za talaka za kuanzia tarehe 13 Februari 2010 kupitia lango la mahakama za shirikisho, zikiwa na muhuri wa kielektroniki, na hiyo ni huduma ya kuigwa. Mifumo mingi mingine inaonyesha tu kwamba shauri lipo na limefikia hatua gani. Faida yake ni moja na ni kubwa: inakupa namba ya shauri bila kwenda popote. Ila hati uliyoipakua bila muhuri wala msimbo wa kuhakiki ni ya kusoma tu.

Jalada likikosekana kabisa, upo mlango wa msajili wa serikali. Uskoti ina rejista ya talaka tangu tarehe 1 Mei 1984, na jimbo la New York lina vyeti kuanzia 1963. California inaonyesha udhaifu wa njia hii, kwani ofisi ya jimbo ina vyeti vya kuanzia 1962 hadi Juni 1984 tu, na amri yenyewe ni lazima ifuatwe kaunti. Tanzania Bara, usajili wa talaka uko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Majalada ya Uingereza na Wales ya 1858 hadi 1927 yamehifadhiwa karibu yote katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London, lakini mengi ya baada ya 1937 yaliteketezwa, kwa hiyo kwa talaka ya 1960 huko tarajia amri bila maombi wala viapo. Pale ambapo hakuna kilichobaki, omba barua rasmi yenye muhuri inayosema utafutaji ulifanyika kwa majina haya na miaka hii na hakuna kilichopatikana. Hiyo ndiyo itakayoanzishia ombi lolote mahakamani la kulijenga upya jalada, na wakili ataitaka kabla ya kitu kingine.

Kwa matumizi ya nje ya nchi, fuata mpangilio. Kwanza nakala iliyothibitishwa na mahakama, ikiwa na saini ya ofisa ambaye sahihi yake inatambuliwa na mamlaka ya uthibitishaji. Pili apostili, yaani cheti cha serikali kinachothibitisha saini na muhuri wa hati kwa matumizi ya nchi nyingine, kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. La sivyo, ni wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. Tafsiri huja mwisho, kwa sababu mfasiri anatakiwa kufasiri pia mihuri. Ukianza na tafsiri utailipia mara ya pili, isipokuwa kama nchi inayopokea imesema kwa maandishi kwamba inataka tafsiri nayo ithibitishwe, na hapo uliza ni kwa mfasiri wa nchi ipi.