Duka la dawa karibu na Soko la Majengo: wanauliza kabla ya kuuza

Natumia vidonge vya majira, na mwezi huu hedhi haikuja. Niliingia kununua kipimo cha mimba tu. Mfamasia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, umetapika au kuharisha? Unatumia dawa za kifua kikuu?" Nikamjibu nilimeza amoksilini ya jino. Akasema hiyo haina shida. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ndiyo hupunguza nguvu ya vidonge. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, unameza kingine. Na wakati wa vile vidonge 7 vya kahawia vya mwisho wa pakiti, visivyo na homoni, damu inaweza kuja kidogo sana au isije kabisa, bila mimba.

"Hata ikiwa ipo, vidonge havimdhuru mtoto. Unaacha kumeza, unaenda kliniki." Hapo ndipo moyo wangu ulitulia, kabla hata ya kupima. Kipimo kilitoa mstari mmoja, yaani sina mimba.

Bei ni ya kawaida. Ila kaunta iko wazi mno, waliopanga foleni nyuma yako wanasikia kila kitu. Jamani, wekeni hata pazia! Binti wa chuo atawezaje kuuliza haya mbele ya baba zake wa mtaani?