Gereji ya Kizota inayopima kabla ya kubadilisha

Kwa mwenye gari la miaka ya tisini linalochemsha na kumisi (injini kukosa moto na kukatakata), ninapendekeza gereji moja ndogo iliyopo Kizota, jijini Dodoma, kwa sababu mafundi wake hawabadilishi kifaa ambacho hawajakipima. Niliwapelekea Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE, ambayo geji yake ya joto ilikuwa ikipanda kila ninapoelekea Mtera, kisha injini inazimika ghafla na kukataa kuwaka hadi ipoe. Gereji nyingine ilikuwa imeshaamua kwamba themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) ing'olewe na feni iunganishwe moja kwa moja na betri, ushauri ambao wenye magari ya zamani tumeuzoea mno.

Fundi mkuu alianza na kifuniko cha rejeta. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yasiyo na presha huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, yaani kiwango cha presha kinachoshikilia, hupandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110, lakini chenye springi iliyolegea au mpira uliopasuka huyaacha maji yachemke na kumwagika ilhali injini yenyewe haina kosa. Changu kilipofungwa kwenye pampu ya kupimia hakikushika presha hata kidogo. Mfumo mzima ulipojazwa presha kwa pampu hiyohiyo, mshale ulitulia, na injini ilipowashwa hayakuonekana mapovu kwenye rejeta, jambo lililopunguza sana shaka juu ya gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Themostati nayo ilitumbukizwa kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto, nikaiona ikianza kufunguka kwenye nyuzi 82 kama ilivyoandikwa, ikarudishwa mahali pake. Uamuzi huo ninauheshimu sana, maana injini isiyo na themostati hukawia kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Rejeta ilikuwa na ukoko wa chumvi ndani, kama inavyotokea kwa wanaojazia maji ya visima vya huku. Ilizibuliwa, ikawekwa kulanti, maji maalumu ya kupozea injini.

Upande wa moto, yaani umeme wa kuwashia injini, ulidai uvumilivu zaidi. Injini inayozimika ikiwa na joto hudhaniwa kuwa imezimwa na kuchemsha, na mara nyingi sivyo. Kwenye gari hili koili, inayozalisha umeme mkali wa plagi, imo ndani ya distributa, kifaa kinachougawa kwa kila silinda, jirani kabisa na silinda hedi, na waya wake mwembamba ukianza kukatika, ncha hugusana koili ikiwa baridi na kuachana inapopata joto. Fundi aliipima ikiwa baridi, akaacha injini iungurume mpaka ikazimika yenyewe, akaipima tena papo hapo, na ukinzani wake ulikuwa umepaa. Nyaya za plagi zilipimwa mmoja mmoja, na uliozidi ukinzani wa kiloomu 25 ukakataliwa. Kifuniko cha distributa kilikuwa na mistari myeusi ya kaboni ambamo moto ulikuwa ukipotelea, kikabadilishwa pamoja na rota, kisehemu kinachozunguka ndani yake.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni ya taimingi, yaani wakati plagi inaporusha cheche. Aliunganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, akaiweka kwenye nyuzi 10 za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu, kwa kutumia taa ya kupimia. Anayeirekebisha kwa sikio bila kuunganisha pini hizo hushindana na kompyuta ya gari inayoendelea kuisogeza, na taimingi ikibaki nyuma, injini hupata joto kupita kiasi hata rejeta ikiwa mpya. Tangu hapo nimepita Mtera na kupanda mlima Nyang'oro mchana wa Oktoba, geji ikiwa imetulia.

Dosari zipo. Upimaji hutozwa shilingi 30,000, ambazo hazipunguzwi kwenye gharama ya kazi, ingawa kwangu ni fedha halali kabisa ukilinganisha na bei ya spea zinazonunuliwa kwa kubahatisha. Kazi huenda taratibu, gari hulala, na hakuna kivuli cha kusubiria. Vifaa vilivyotolewa sikurudishiwa mpaka nilipoviomba, wakati mteja anastahili kuviona bila kuuliza. Pia hawana mashine ya kusomea kompyuta za magari ya karibuni, yale ambayo kila plagi ina koili yake, kwa hiyo wenye magari hayo watafute gereji nyingine.