Vitabu viwili vinavyosimulia upya hadithi ya Cinderella: mtoto aanze na kipi?

Mwenye miaka tisa au kumi mpe Ella Enchanted (1997) cha Gail Carson Levine. Kichimbakazi amemtunuku Ella utii: akiamriwa, hana budi kutenda. Nakipenda kwa vijihila vyake. Akitumwa lozi na mpishi, analeta mbili tu! Na laana anaivunja mwenyewe.

Just Ella (1999) cha Margaret Peterson Haddix kinamfaa aliyebalehe. Hakina uchawi hata chembe. Viatu vya kioo vimepatikana kwa dau. Hadithi inaanza binti keshachumbiwa, akigundua kuwa mwana wa mfalme hana ila sura. Anakataa ndoa, anatupwa gerezani, anatoroka kwa kuchimba kupitia shimo la choo. Ukurasa huo niliusoma nimeshika pumzi.